Fundi Aliyejifunga Miguu

Kaeni vizuri, wapendwa. Ninyi mlio nje chini ya turubai, sogeeni karibu na madirisha, maana leo sitaki mtu aende nyumbani akisema hakusikia. Nina jambo moja tu, na nitalisema kwa hadithi.

Kulikuwa na fundi mmoja katika mji wa pwani, mahali ambapo mwamba umekatika na mawimbi yanaingia mpaka mchangani bila kuzuiwa. Jina lake Chengo. Fundi huyu hakutengeneza vitanda wala milango. Alitengeneza mbao za mawimbi, zile fupi ambazo mtu hasimami juu yake. Unalala kifudifudi, kifua juu ya ubao, miguu nyuma majini, wimbi likija linakubeba mpaka ufuoni. Mmewaona vijana wakifanya hivyo. Wengine wenu mmefanya, msijifiche.

Chengo alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alichukua plaiwudi nyembamba, katikati akatia povu gumu la maboya yaliyotupwa, akagandisha kwa gundi, akabana kwa jiriwa mpaka ikashika. Kisha randa, kisha msasa, kisha vanishi. Ubao wake ungeweza kuubeba kwa mkono mmoja. Alijua pua ya ubao ipindwe kiasi gani isichimbe maji. Na kila ubao aliupima kwa mwili wake mwenyewe: anauingiza baharini, anaulalia, anabebwa, anarudi karakana kurekebisha. Watu walitoka miji mingine kumtafuta. Alijua kwamba yeye ni bingwa, wala hakungoja kuambiwa.

Siku moja akaja mwanamke anaitwa Kache. Kache alikuwa fundi wa nguo, mwenye cherehani yake ya mkono kwenye baraza inayotazama bahari. Alikuja kwa ile baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, kwa sababu polio ilimlemaza miguu akiwa bado mtoto wa kunyonya. Miguu ilikuwa myembamba, haina nguvu. Lakini mabega! Mtu anayejisukuma barabarani kwa mikono miaka yote hiyo, mabega yake si ya kuchezea.

"Fundi, nataka ubao."

"Wa nani?"

"Wangu."

Chengo akaitazama miguu yake. Mnalijua jicho hilo? Linashuka, linapanda, linajifanya halikushuka.

"Dada yangu," akasema kwa upole, "bahari haina huruma."

"Huruma sijaja kuitafuta. Nimekuja kuagiza ubao. Kila siku nashona pale barazani nikiwatazama watu wanavyobebwa na maji. Wanabebwa wamelala, Fundi. Kulala naweza."

Mtu akikujibu hivyo, utasema nini? Chengo alicheka mpaka akaweka randa chini, akakubali.

Akamtengenezea ubao mzuri. Nataka mnielewe: hakulipua kazi. Aliupa ubao ule kila alichokijua. Siku ya kuujaribu, ndugu za Kache wakambeba mpaka majini. Kuogelea alijua, mikono yake ilimtosha. Akalala juu ya ubao, wimbi likaja, likamwinua, na kabla hajafurahi, pua ya ubao ikachimba maji, ubao ukapinduka, na Kache akaibuka akikohoa, nywele zimejaa mchanga.

Akarudia. Ukachimba tena. Akarudia mpaka midomo ikabadilika rangi kwa baridi, na kila mara ni vile vile.

Na fundi wetu yuko wapi? Amesimama mchangani, mikono kiunoni, anapiga kelele. "Rudi nyuma kidogo! Inua kifua! Piga miguu! Piga miguu!"

Watu walioko ufuoni wakageuka kumtazama. Piga miguu? Anamwambia nani?

Chengo akarudi karakana kwa aibu akatengeneza ubao wa pili, mrefu kuliko wa kwanza, na nyuma akauongezea povu ili utulie. Wa pili ukawa mbaya zaidi. Safari hii Kache aligonga mchanga kwa shavu, akatoka damu. Ndugu zake wakamwambia yatosha, twende nyumbani. Na Chengo, mbele ya watu wote, akasema neno ambalo alilijutia kabla halijamaliza kutoka mdomoni.

"Ubao hauna kosa. Nimeulalia mwenyewe, umenibeba vizuri. Tatizo ni miguu yako."

Kache akajipangusa damu kwa kiganja.

"Miguu yangu nilikuja nayo siku ile ya kwanza, Fundi. Uliiona. Hakuna aliyekuficha."

Akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Wapendwa, kuna maneno yanakaa ndani ya mtu kama mwiba. Chengo akaanza kumkasirikia Kache. Kisha akawakasirikia wateja wengine. Aliharibu ubao wa mtu kwa kupiga randa bila kutazama. Ndipo akaketi juu ya maranda akajiuliza: nimeupima ubao wa huyu mama kwa mwili wa nani? Kwa mwili wangu. Nimeulalia nikiwa na miguu yangu miwili mizima. Mimi najua nini kuhusu kinachompata kule majini?

Kesho yake asubuhi akaenda kwenye baraza ya Kache. Kache akamwona, hakuacha kuzungusha mkono wa cherehani.

"Salamu zangu hazitakiwi, najua," Chengo akasema. "Nimekuja kuomba kitambaa. Kipande kirefu, kigumu."

"Cha nini?"

"Cha kufungia miguu yangu. Nataka kuingia majini bila miguu."

Cherehani ikasimama. Kache akamtazama usoni, akitafuta kama anafanyiwa mzaha. Hakuuona. Akachukua mkasi, akakata ukanda wa kaki.

"Nami nakuja," akasema. "Ukizama, nisije nikaambiwa nilikupa kamba."

Wakateremka ufuoni na mbao zote mbili. Maji yalikuwa yanajaa, watu wachache, nao wako mbali. Chengo akaketi ukingoni mwa maji, na Kache akamfunga mwenyewe, kuanzia mapajani mpaka kwenye vifundo.

"Kaza."

"Nimekaza."

"Kaza zaidi. Wewe miguu yako hupewi nafasi ya kuifungua ukitaka."

Akakaza. Chengo akalala juu ya ubao wa kwanza, akajivuta kwa mikono kuelekea mawimbini. Kache akajiburuta kwa mikono, akaketi pale maji yanapofika kifuani, ameushikilia ule ubao wa pili.

Wimbi la kwanza lilimpita Chengo. Alizoea kulikimbilia kwa kupiga miguu. Sasa mikono pekee haikutosha. La pili likamkamata vibaya, likamgeuza ubavu, ubao ukamponyoka. Akataka kuogelea. Miguu ikaja pamoja kama gogo. Akajaribu kusimama, hapakuwa na chini. Na mkondo, wale wa pwani mnaujua mkondo, unaorudi baharini baada ya mawimbi kuvunjika, ukamshika ukaanza kwenda naye.

Chengo bingwa. Chengo ambaye bahari ile aliijua tangu utotoni. Alimeza maji. Aliita, na sauti haikufika popote. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alijua mwili usiokutii ni kitu gani, na alishikwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua.

Nani alimwona? Wale wa mbali hawakumwona. Aliyemwona ni Kache.

Niambieni, Kache afanye nini? Akimbie kuita watu? Kwa miguu gani? Alijitupa juu ya ule ubao wa pili, ubao uliompasua shavu, akapiga maji kwa mikono yake miwili. Mikono ile iliyompandisha vilima vyote vya mji ule, leo ilikuwa na kazi nyingine. Aliingia ndani ya mkondo kwa makusudi, akauacha umbebe mpaka alipo Chengo.

"Shika nyuma! Panda! Lala juu ya miguu yangu!"

"Nitakuumiza!"

"Panda, Fundi!"

Akapanda. Akalala na uzito wake wote juu ya miguu ya Kache, nyuma ya ubao, akitapika maji ya chumvi. Kache akapiga mikono kwenda kando, mpaka mkondo ukawaachia. Nyuma yao likainuka wimbi. Kache alipoliona alifumba macho, maana alijua yatakayofuata: pua itachimba, na safari hii ni watu wawili.

Pua haikuchimba.

Ubao uliinua kichwa kama mnyama aliyesikia jina lake. Wimbi likawachukua, likawapeleka moja kwa moja, likawaweka mchangani wote wawili wameukumbatia ubao, wazima.

Kache akajigeuza amtazame kama anapumua. Chengo alikuwa anakohoa na kucheka kwa pamoja.

"Umeona?"

"Nimeona ukifa! Nione nini kingine?"

"Pua, Kache! Pua haikuzama!"

Hapo ndipo alipoelewa. Mtu mwenye miguu mizito, miguu inamning'inia nyuma kama nanga, pua ya ubao inapanda. Kache uzito wake wote uko mabegani na kifuani. Mbao zote mbili zilitengenezwa kwa ajili ya Chengo. Zilikuwa nzuri kwa Chengo. Zingembeba Chengo mpaka mwisho wa dunia. Na alipoongeza povu nyuma, alizidi kuinua mkia na kumzamisha yule mama.

Ubao wa tatu hawakuutengeneza kama zile mbili. Kache alilala juu ya plaiwudi pale karakana, na Chengo akachora kwa penseli mahali kifua kilipokaa. Pale ndipo alipoweka upana wote na povu lote. Pua akaikunja zaidi. Nyuma akapunguza mpaka pakawa pembamba. Pembeni Kache akashonea mishipi ya turubai, apate kushika na kuongoza kwa mikono. Walibishana sana. Kache alikuwa anasema hapa panachoma mbavu, Chengo anapiga msasa. Anasema bado, anapiga tena.

Siku walipouingiza majini, wimbi la kwanza lilimbeba Kache kutoka mbali kabisa, likavunjika nyuma yake, povu jeupe likamfuata, na yeye mbele yake, kifua juu, anapiga vigelegele peke yake. Alifika mchangani akasema neno moja: "Nirudisheni." Walimrudisha mpaka ndugu zake waliombeba wakachoka wao.

Mzee mmoja wa kanisa alikuwapo akitazama. Akamwendea Chengo akampa mkono.

"Fundi, Mungu akubariki kwa jinsi ulivyomsaidia huyu mama."

Chengo akamshangaa. "Mimi nimemsaidia? Mzee, kama si huyo mama, leo mngekuwa kwenye matanga yangu."

Hadithi imeishia hapo. Sasa tuzungumze sisi.

Sisi ni watu wa kusaidia, au sivyo? Kanisa hili lina kamati ya wajane, kamati ya wagonjwa, kamati ya vijana walioingia kwenye madawa. Tunakwenda na unga, tunakwenda na sukari, tunaomba, tunapiga picha, tunarudi. Na mjane akiendelea kulia baada ya unga wetu, tunasema nini? Huyu hana imani. Kijana akirudia madawa, tunasema ameamua mwenyewe. Ushauri wetu ni mzuri! Tumeujaribu wenyewe na umetubeba. Tumeujaribu tukiwa na afya zetu, na waume zetu, na mishahara yetu. Kwa hiyo kosa ni lao.

Ndugu yangu, umewahi kuketi na huyo mjane mpaka akakuonyesha ni saa ngapi ya siku inayomuuma? Au unazungumza naye umesimama, ufunguo wa gari mkononi?

Tena kuna jambo gumu zaidi. Wengi wetu tunaweza kushuka mpaka walipo wenye shida. Tunaweza hata kufunga na kuomba kwa ajili yao. Tusichoweza ni kushikwa mkono nao. Tunataka sisi tuwe wenye ubao siku zote. Mwokozi wetu hakuwa hivyo. Aliomba maji ya kunywa kwa mwanamke ambaye watu walimpita. Alikula kwenye meza za wengine. Msalaba ulipomlemea, alikubali mtu mwingine aubebe. Yeye aliyekuja kutuokoa hakuona haya kuhitaji watu. Wewe nani kakwambia ni aibu?

Nawatuma, basi, wiki hii. Kila mmoja wenu anamjua mtu, na jina lake limekwisha kukujia hivi ninavyosema, usilifukuze. Nenda kwake mikono mitupu. Keti pale anapoketi. Muulize, na akijibu, nyamaza. Na akikupa kitu, chai yake, neno lake, maombi yake, pokea, kwa maana inawezekana wewe ndiye unayezama na bado hujajua.

Mkirudi hapa Jumapili, sitawauliza mlimsaidia nani. Nitawauliza ni nani aliyewasaidia.