Bonde Lisilotaka Majina Mapya

Zamani za kale, wanangu, zamani ambazo hata bibi yangu alihadithiwa tu, kulikuwa na bonde lenye chemchemi moja. Jumbe wa bonde hilo alikuwa Nyati, na jina lake Mwinyipembe.

Mwaka mmoja mvua ikakataa. Chemchemi ikawa inatoa maji kidogo kidogo, choro choro. Jumbe Mwinyipembe akaita baraza, akasema watu wamezidi bondeni. Watu, yaani wanyama; nyie mnaocheka huko nyuma mmenielewa vizuri sana. Tangu siku ile, akasema, bonde halipokei jina jipya. Nyumba itakayoongeza jina, ihame.

Ya kwanza kupatwa ilikuwa nyumba yake mwenyewe. Binti yake alizaa ndama, akampa jina zuri ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Tembo na Kiboko, wazee wa baraza, wakamtazama Jumbe. Jumbe akasema sheria ni msumeno. Binti akamchukua ndama wake, akavuka kilima. Kaka zake, ambao nao walitaka kuoa na kuzaa, wakamfuata mmoja mmoja.

Bi Panya naye alikuwa mjamzito. Nje ya bonde kulijaa mwewe, na panya mwenye vichanga hafiki mbali. Alilia, mumewe akalia. Kisha Bi Panya akafuta machozi, akawaza.

Alipojifungua, Jumbe akaja mlangoni. "Hodi. Nasikia kuna majina mapya humu."

"Hakuna jipya hata moja, Jumbe," akasema Bi Panya. "Huyu ni mama yangu Mwanakombo, yule aliyechukuliwa na mwewe. Na huyu ni babu yangu Shomari, aliyekufa kwa mafuriko. Wamerudi tu. Karibu uwaamkie."

Desturi ya bonde ilikuwa hivi: mjukuu akipewa jina la mzee aliyekufa, basi ndiye mzee huyo. Anakalia kigoda chake, na anaamkiwa kama yeye. Hilo Bi Panya hakulitunga. Jumbe mwenyewe alilelewa nalo. Akainamisha pembe zile zote juu ya kichanga kisicho hata na manyoya, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, Mzee Shomari."

"Marahaba," Bi Panya akaitikia kwa niaba ya mtoto. Halafu akaongeza, wala hakuwa anacheka, "Sisi panya, Jumbe, hatujawahi kupungukiwa na wafu."

Miaka ikapita. Mvua zikarudi, mwewe wakahamia kwingine, na watoto wa panya waliokuwa wakifa wakaanza kukua. Ni furaha hiyo, nani anabisha? Lakini kila aliyezaliwa alitaka jina la marehemu, na marehemu wakawa adimu. Binti wa Bi Panya akakaribia kujifungua, na majina yamekwisha. Sheria bado ipo pale pale.

Jumbe naye alikuwa amezeeka, peke yake katika zizi kubwa, hana wa kumletea maji. Bi Panya ndiye aliyempelekea, kwa ganda la konokono, safari baada ya safari. Siku moja Jumbe akamuuliza, "Bi Panya, nikifa, jina langu atalichukua nani?"

Bi Panya alimwonea huruma kweli, msidhani ulikuwa ujanja mtupu. "Nipe mimi," akasema. "Unipe mbele ya Tembo na Kiboko."

Akampa. Mwezi haujaandama, akafa.

Mjukuu wa Bi Panya alipozaliwa, akaitwa Mwinyipembe. Wakamlaza kwenye jani, juu ya kigoda cha ujumbe, macho hayajafumbuka. Tembo akapiga magoti, akaamkia. Kiboko akapiga magoti, akaamkia. Bi Panya akamtegea mtoto sikio, akawa anaitikia kwa kichwa kama anayeagizwa.

"Jumbe anasema ile sheria aliiweka kwa kuogopa kiu, na leo ameifuta. Anasema tuchimbe kisima cha pili. Na mmoja wenu avuke kilima, akamwite binti yake."

Nani ambishie Jumbe?

Binti akarudi, na yule ndama wa zamani sasa ni dume zima lenye watoto wake. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kigoda. Akakitazama kile kipanya, kisha akainama hadi pua ikagusa jani.

"Shikamoo, baba," akasema. "Nimekuletea vitukuu wako."

Bi Panya alitaka kuitikia kwa niaba ya mtoto, lakini akasogea kando, vitukuu wapite.

Basi shikeni hili, wanangu, mkalale nalo: afukuzaye watoto kwa kuhofia maji, huzeeka bila wa kumchotea.