Tangu Kucha Hadi Kucha

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaajiriana, Kiboko alikuwa na shamba la matikiti kando ya mto. Tulieni basi. Anayetaka maji akanywe sasa, maana nikianza sisimami.

Kiboko alikuwa tajiri, na alikuwa mvivu. Asubuhi alizama mtoni, bluku, yakabaki macho na pua. Alilala hivyo mchana kutwa, akaamka jua likitua. Shamba lake lilisimamiwa na nyapara, Nyati, mwenye kifua kama mlango wa ghala na akili ya kutosha kuufungua mlango huohuo.

Siku ya kuajiri, wanyama walikusanyika ukingoni. Alikuwepo Mhanga, mchimbaji hodari mwenye masikio kama majani ya mgomba. Alikuwepo Kobe, ambaye aliianza safari ya kuja kabla shamba halijafyekwa. Na alikuwepo Bi Nguchiro, mnyama mdogo, mwembamba, mwenye watoto wengi kuliko sufuria.

"Masharti yangu ni rahisi," alisema Kiboko. "Kazi ni tangu kucha hadi kuchwa. Mmekubali?"

"Tumekubali," wakaitikia. Jua lichomoze, jua litue, mtu arudi kwake. Nani angekataa?

Desturi ya nchi ile, ahadi haikuandikwa. Iliapwa mbele ya vyura, nao ndio walioitunza, kwa kuwa chura ukimpa neno halitemi. Hulirudia mpaka mwaka uishe.

"Nikibadili neno langu," Kiboko akaapa, "mto huu unitapike nikaishi nchi kavu."

Vyura wakalipokea: "Kucha hadi kucha! Kucha hadi kucha!"

Hakuna aliyesikia kosa. Nani huwasikiliza vyura?

Kazi ikaenda vizuri. Mchana walipalilia, jioni waliweka majembe wakaondoka. Ila Kiboko, kila alipoamka na kutoa kichwa majini, aliona migongo tu.

"Nyapara," akauliza, "hawa hufanya kazi wakati gani?"

"Mchana, bwana."

"Mchana mimi sijawaona."

"Mchana huwa umelala, bwana."

"Basi nitajuaje kama wanafanya kazi?"

Nyati akafikiri mpaka pembe zikapata moto. "Matikiti yanakua, bwana."

"Matikiti hukua yenyewe. Ndiyo kazi yake." Kiboko akapuliza maji puani. "Hebu waulize vyura tulipatana nini."

Vyura wakaulizwa, wakajibu kama walivyolitunza: "Kucha hadi kucha!"

Kiboko alijua vizuri alichosema. Lakini mtu akikuletea zawadi mlangoni, humrudishi. Akawaita wafanyakazi wote akawatangazia: tangu leo, kazi ni tangu alfajiri hadi alfajiri, kama walivyopatana.

Bi Nguchiro akapenya katikati ya miguu ya wakubwa mpaka mbele. "Bwana mkubwa, ulisema kuchwa. Nilikuwepo, na masikio yangu nilikuja nayo."

"Vyura wanasema kucha."

"Vyura midomo yao mipana. Hawawezi kuikunja wakatamka. Mwambie mmoja aseme mchwa."

"Chura, sema mchwa."

"Mcha," akasema chura.

"Umesikia, bwana?"

"Nimesikia. Na kiapo nacho nilikisikia. Shahidi ni shahidi, Bi Nguchiro, hata akiwa na mdomo mbovu." Akazama, bluku, na mjadala ukazama naye.

Alfajiri iliyofuata Nyati alisimama langoni. "Wanaotoka, watoke kukicha. Wanaoingia, waingie kukicha."

"Kukicha kulekule?" aliuliza Mhanga.

"Kulekule."

"Yaani tunatoka na kuingia wakati mmoja?"

"Ndiyo. Ila msigongane."

"Na kwenda nyumbani?" aliuliza Bi Nguchiro.

"Nyumbani ruhusa, tena sana. Ila urudi kabla hujaondoka."

Wakaanza kuishi hivyo. Mhanga alijifunza kulala akiwa ameegemea mpini wa jembe, na jembe likaendelea kutikisika kwa mkoromo wake, hivyo Nyati akamsifu. Kobe yalimkuta makubwa zaidi. Alianza kugeuka ili atoke, na kabla hajamaliza kugeuka ikawa zamu yake ya kuingia. Akaanza kugeuka upya. Alibaki palepale langoni akizunguka kama jiwe la kusagia.

Bi Nguchiro yeye alikuwa mwepesi. Nyati alipokuwa akihesabu walioingia na kuwatoa waliotoka, na kupata jibu lisilofanana na wanyama aliokuwa nao, Bi Nguchiro alipita chini ya uzio, pyuu, akakimbia hadi kwenye kichuguu chake, akawaangalia watoto, akarudi. Kila mara aliwakuta wamelala. Jirani yake, Bundi, ndiye aliyewalinda, kwa kuwa Bundi hakeshi kwa sababu ya kazi, amezaliwa hivyo.

Alfajiri moja akamkuta kitindamimba wake, Pandu, yuko macho mlangoni.

"Hodi," alisema Bi Nguchiro kwa utani.

"Karibu, mgeni," Pandu akajibu. "Shikamoo. Ngoja nimwite mama."

Kisha, bila kugeuza mwili, akaizungusha shingo nyuma mpaka ikalia krrr, akaita: "Mama, kuna mgeni."

Bundi akashuka kutoka mtini, ameona haya. "Shoga, sikumfundisha mimi. Ananiona tu, basi anaiga. Mchana analala, usiku yuko macho. Jana amekataa uji, anataka panya mzima."

"Na hiyo shingo?"

"Huanza na shingo. Juzi alipanda tawi la kwanza. Nakwambia kama jirani: usipokuwa nyumbani usiku na mchana, matikiti yakiiva huyu atakuwa bundi. Nami nampenda, lakini ninao wangu."

Bi Nguchiro hakulia. Kulia kunataka nafasi, na yeye alitakiwa arudi kabla hajaondoka. Akatimua mbio. Karibu na uzio akajikwaa kwenye jiwe, kucha ya mguu wa mbele ikapinda.

"Ole wangu, kucha," akasema.

Akasimama. Akalamba kidole. Akalirudia neno polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Kucha."

Jioni hiyo, Kiboko alipotoa kichwa majini, alimkuta Bi Nguchiro amepiga magoti ukingoni.

"Bwana mkubwa, shambani kuna maneno."

"Maneno gani?"

"Wanasema ulisema kuchwa."

"Si ni wewe uliyesema?"

"Ndiyo maana nayajua, bwana. Nimekuja kuyamaliza. Apa tena mbele ya wote, neno likazwe, kila mtu afunge mdomo."

Hilo Kiboko alilipenda. Wafanyakazi wakaitwa, vyura wakapanda kwenye magogo. Kiboko akatoka majini na tumbo lake lote, jambo alilolifanya kwa nadra.

"Kazi ni tangu kucha hadi kucha," akanguruma. "Nikilibadili neno hili, mto unitapike. Na kucha, kwa wasiojua, ni ile alf…"

"Bwana," Bi Nguchiro akamkatiza kwa adabu, "ukieleza sana utaonekana una shaka."

Kiboko akafunga kinywa, pwap. Kweli, bwana mkubwa haelezi. "Nimemaliza," akasema.

"Kucha hadi kucha!" vyura wakapokea.

Mhanga akamgeukia Bi Nguchiro, masikio yameanguka. "Dada, kamba ilitubana kidogo, wewe umeikaza."

"Kaka Mhanga, una kucha nzuri. Kesho zioshe," alijibu.

Kulipopambazuka, Nyati alikuwa langoni kama kawaida. Bi Nguchiro akaingia, akachukua jembe lake dogo, akaweka mguu wa mbele juu ya udongo, vidole vimetanuka. Katikati ya kucha moja na ya pili akakwaruza kwa ncha ya jembe: kwaru. Akalifuta jembe, akaliegemeza uzioni.

"Haya, Nyapara. Tutaonana kesho."

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Nimelima tangu kucha," akaonyesha ya kwanza, "hadi kucha," akaonyesha ya pili. "Au unataka nizidishe? Bwana ameapa, mimi ni nani nimzidi?"

Nyati akainama akautazama mstari ule, mfupi kama siafu. Akazitazama kucha. Akawatazama vyura.

"Kucha hadi kucha," walisema vyura, kama kawaida yao.

"Ni kweli," alisema Nyati kwa huzuni.

Mhanga alikuwa amekwisha kuelewa. Akaweka mguu chini, kwaru, akatupa jembe. Alinung'unika kidogo kwamba yeye vidole vyake vimeachana zaidi, hivyo anafanya kazi kubwa kuliko wenzake. Wengine wote wakamfuata, kwaru kwaru kwaru, shamba likabaki wazi. Hata Kobe aliacha kuzunguka, akainua mguu ili aanze.

"Na mimi je?" aliuliza Nyati.

"Onyesha kucha zako, Nyapara."

Nyati akainua mguu. Wakautazama.

"Hizo ni kwato," alisema Bi Nguchiro. "Pole sana. Wewe hujaanza, na asiyeanza hawezi kumaliza."

Nyati akaketi chini katikati ya matikiti, amechanganyikiwa kabisa. Alikaa mpaka jua likawa utosini, na ngedere wa upande wa pili wa mto, walioona shamba halina mtu, wakaanza kuvuka juu ya matawi wakiulizana matikiti yameiva kiasi gani. Hapo ndipo alipokwenda kumwamsha bwana wake.

Kiboko kuamshwa adhuhuri! Aliibuka na magugu kichwani, hajui kama ni leo au kesho. "Wako wapi watu wangu?"

"Wamemaliza, bwana."

"Mwite yule mwembamba."

Bi Nguchiro akaja, hana haraka, mkono mmoja una unga. Alikuwa anasonga ugali.

"Kucha ni alfajiri," alisema Kiboko. "Unajua vizuri kwamba ni alfajiri."

"Uliapa alfajiri, bwana?"

Kiboko akawageukia vyura. "Niliapa alfajiri?"

"Kucha!" wakasema vyura.

"Basi nalibadili neno. Kuanzia sasa…"

Mto ukaguna. Maji yakavimba chini ya tumbo lake, yakamnyanyua kama sufuria inavyonyanyua kifuniko, yakamsogeza hadi kwenye mchanga mkavu, taratibu, bila ugomvi. Jua likamchoma mgongo, chwaa.

"Sijabadili," alisema haraka. "Nilikuwa nafikiri kwa sauti tu."

Mto ukamrudisha, ila nusu tu, kama asiyemwamini.

Ngedere wa kwanza akagonga tikiti kwa kidole, du du, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kiboko akamtazama Bi Nguchiro, na kwa mara ya kwanza akamtazama kama mtu anayemtazama mtu. "Niambie. Nifanye nini?"

"Umeapa hutabadili, bwana. Kuongeza hukuapia."

"Niongeze nini?"

"Sauti moja ndogo, mwishoni. Wewe unayo mdomoni, maana siku ya kwanza uliitoa bila shida."

Kiboko akatazama maji. Akatazama ngedere. Akakunja midomo yake mikubwa, kazi si haba, akasema: "Tangu kucha hadi… kuchwa."

Wote wakausikiliza mto. Ukatulia. Kisha ukampokea mzimamzima.

"Sasa vyura," alisema Bi Nguchiro. "Bila vyura halijawa neno. Kunjeni midomo, kama mnapuliza uji wa moto."

"Kucha," walisema vyura.

"Uji wa moto, nimesema. Pulizeni."

"Kuch… kuchaa… kuchhh…"

Walijaribu alasiri nzima, mashavu yamevimba, macho yamewatoka. Wafanyakazi waliorudi kuwafukuza ngedere waliwacheka mpaka wakaangusha majembe. Jua lilipokuwa linazama, chura mmoja mzee, aliyekuwa amekwisha kukata tamaa na alikuwa anapumua tu, likamtoka: "Kuchwa!"

Wenzake wakaruka kwa furaha. "Kuchwa! Kuchwa! Kuchwa!"

Kila mfanyakazi aliposikia hivyo, aliweka jembe chini akaondoka. Wala vyura hawajalisahau tangu siku ile. Jua likitua tu, sikilizeni mtoni, wanawafukuza watu makazini.

Bi Nguchiro alifika kwake mwanga ungalipo. Pandu alikuwa kwenye tawi la pili, amekunja mikono kama mbawa.

"Shuka," alisema Bi Nguchiro.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye ninayekwambia shuka."

Pandu akaifikiria sauti ile. Aliwahi kuisikia mahali, tena mara nyingi, na mara zote ilifuatwa na kofi. Akashuka.

Ndugu zake wakatoka kichuguuni, wote kwa pamoja, wote wakisema. Mmoja alikuwa ameng'atwa na mwenzake, mmoja alitaka kitoweo kingine, mmoja akapindua sufuria. Bi Nguchiro akasimama katikati na mwiko mkononi, na kwa muda mfupi sana akalikumbuka shamba la matikiti na ukimya wake. Kisha akamkamata aliyepindua sufuria.

Na hadithi yetu imekuchwa hapo: ukilikata neno ili urefushe kazi ya mwenzako, ujue kipande kilichobaki anaweza kukiokota yeye.