Rafu ya Chupa za Gundi

Katika mji mmoja wa milimani, wenye baridi ya kupenya mifupa, alikuwapo mzee wa kanisa aliyepewa kazi ambayo wenzake wote waliikwepa. Kila Jumapili alisimama mlangoni na kupokea chupa.

Ilianza hivi. Watoto wanaolala stendi na kwenye vibaraza vya maduka walizoea kuja ibada ya pili, kwa sababu baada yake akina mama waliwapikia wali na maharage. Walikuja na chupa zao za plastiki, kila moja na gundi ya viatu kidogo chini, wakiinusa hata katikati ya wimbo. Waumini wakalalamika kwamba harufu inawaumiza kichwa. Baraza la wazee likakaa, likaomba, likapitisha kwamba watoto wasifukuzwe, ila chupa zibaki nje. Seremala akachonga rafu, ikapigiliwa kwenye chumba kidogo cha mlangoni. Mzee akaagizwa abandike kila chupa kipande cha plasta chenye jina, na chakula kikiisha amrudishie kila mtoto iliyo yake, wasije wakagombana.

Mnaona ubaya hapo? Yeye hakuuona. Alikuwa ametunza stoo ya reli miaka thelathini bila kupoteza hata boliti, na kazi hii aliifanya kwa moyo uleule. Watoto walimpenda.

"Babu, yangu usiilaze, inamwagika."

"Babu, huyu mwongo, ya kwake ni ile tupu."

"Hapa hapapotei kitu," aliwajibu. "Panga foleni, wewe mwenye kelele."

Miongoni mwao alikuwapo msichana wa miaka kama kumi na miwili. Alipokuja mara ya kwanza aliimba sauti ya pili bila kufundishwa na mtu, hata wanakwaya wakageuka. Mwaka haukuisha. Vidonda vikamzunguka mdomo na pua, kikohozi kikahamia kifuani. Zile ngazi tatu za kanisa akawa anazipanda ameshika ukuta, maana miguu ilikuwa haimtii. Katikati ya ubeti maneno yalimpotea, akabaki amefungua mdomo. Na waumini, alipokaa karibu nao, walivuta mikoba yao.

Jumapili moja chakula kimeisha, mzee anagawa chupa. Zamu ya msichana ikafika. Akaficha mikono mgongoni.

"Babu, leo usinipe."

"Kwa nini? Si yako hii? Ina jina lako."

"Najua. Itupe."

Mzee akamtazama. "Umeamua kuacha?"

"Asubuhi nilianguka barabarani. Gari likasimama hapa." Akaweka kiganja karibu na uso wake. "Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, Babu. Halafu nikajiuliza, kwani nacheka nini."

"Mungu akusaidie, binti yangu. Nenda salama."

"Niende wapi?"

Msichana akaendelea, kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie.

"Bila gundi baridi nitaisikia yote, na njaa yote. Wenzangu watanipa ya kwao, na mimi nitapokea, najijua. Naomba nilale humu ndani. Hata sakafuni. Niivuke leo tu."

Mzee akatoka mbio kumtafuta katibu wa baraza. Alimkuta uani akiongoza mnada wa sadaka, jogoo mkononi.

"Katibu, kuna mtoto anataka kuacha gundi. Anaomba alale ukumbini."

"Leo? Leo ukumbini kuna kikao cha harusi ya binti wa mwenyekiti. Na nani atabaki naye? Likitokea la kutokea tutasema nini?"

Mzee akawaza nyumbani kwake. Kulikuwa na kitanda cha mwanawe aliyeoa, kimetandikwa tu. Akawaza majirani watakavyosema. Akawaza redio na simu ya mke wake mezani, visije vikaibwa. Akajionea aibu, lakini kitanda hakukitaja.

"Tuna utaratibu, mzee wangu," katibu akasema, na alisema kwa upole. "Aje wiki ijayo, suala lake litakuwa limepita barazani. Chupa yake usiiache humo, inanukisha chumba kizima. Halafu huyu jogoo mfungie stoo. Mnunuzi wake amesafiri, atamfuata kesho."

Mzee akampeleka jogoo stoo. Akamwekea maji kwenye kopo na punje za mahindi, akafunga mlango asiingie paka. Kisha akarudi kwa msichana.

"Wiki ijayo, mama. Baraza litakaa."

Akaitoa chupa kwenye rafu, akamwekea mkononi. Msichana akaipokea. "Asante, Babu," akasema, maana alikuwa na adabu, akashuka zile ngazi ameshika ukuta.

Na baraza lilikaa kweli. Likakubali, bila hata mmoja kupinga. Godoro likapatikana. Mke wa mzee akajitolea kulala na mtoto. Jumapili mzee alifika mlangoni kabla ya kengele ya kwanza.

Msichana alikuja akiongozwa na mwenzake aliyemshika mkono. Akamkabidhi mzee chupa yake.

"Leo hii hairudi," mzee akamwambia, anatabasamu. "Tumekupatia mahali, kama ulivyoomba."

"Niliomba nini?"

"Kulala ndani. Kuacha gundi. Jumapili iliyopita, hapahapa."

Akamtazama kama mtu anayejaribu kusoma kibao cha mbali.

"Si mimi huyo," akasema, akanyoosha mkono. "Nipe chupa yangu, Babu."

Wapendwa, sitasema mzee alifanya nini baada ya hapo, na sitaki tujifiche kwenye kutaka kujua. Nina hasira, na simwelekezei mzee yule. Alikuwa mwema. Katibu alikuwa mwema. Akina mama wa wali na maharage walikuwa wema. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Sisi husema watoto hawa wamependa gundi. Nani anapenda kitu kinachomla ubongo, kinachomlegeza miguu, kinachoweza kuusimamisha moyo wake akiwa amekaa tu kibarazani? Wanainusa kwa sababu inafanya kazi ya blanketi, na ya chakula cha jioni, na ya mama. Kazi zetu hizo. Tumeziacha, gundi ikazichukua, kisha tunawaita wao wezi.

Mji ule ni huu wetu, na pale uani siku ile tulikuwa watu wazima mia mbili, vichwa vyetu safi. Neno moja la akili lilisemwa, na aliyelisema ni mtoto aliyelewa gundi. Akili yake ilimrudia alasiri moja. Sisi tukaipangia tarehe. Jogoo tulimpa malazi siku ileile, bila kikao.

Sasa hivi wako nje, wanasubiri ibada ya pili na wali. Tukitoka hapa tutapita katikati yao. Mtoto akikwambia anaacha leo, usimtajie Jumapili ijayo. Mshike mkono, mpeleke kwako, na majirani waseme.