Tajiri Aliyeogopa Herufi ya Bondeni

Palikuwa na tajiri mmoja mjini Mwambakoni, Feruzi bin Sudi, mwenye maduka, mwenye malori, mwenye tumbo linaloingia mlangoni yeye akiwa bado barabarani. Akafungua jukwaa mtandaoni, akaliita Kibarazani. Mji mzima ukahamia humo. Unataka fundi? Kibarazani. Unataka mchumba? Kibarazani. Asiyekuwemo alikuwa kama amezikwa.

Jeuri ikampanda. Siku moja akatoa amri: "Kuanzia leo, mwenye lugha chafu namtoa. Na lugha chafu kuliko zote ni kuchanganya r na l."

Nani asiyejua amemlenga nani? Watu wa Bondeni, waliohamia kutoka ng'ambo ya mto, r haikai ndimini mwao. Feruzi hakuwapenda tangu zamani. Wakafagiwa wote.

Miongoni mwao alikuwa Bi. Sikujua, mjane, muuza mikate ya mofa, maskini wa kila kitu isipokuwa maneno. Aliandika, "Mikate ya moto, kalibuni," akatolewa tanuri likiwa bado linawaka. Wateja wake wote walikuwa Kibarazani. Mikate ikamlalia, watoto wakaila mpaka wakaichukia. Mama wa watu akaenda kushtaki, maana sheria ya nchi ilikataza kumbagua mtu kwa asili yake.

Hakimu akauliza, "Bwana Feruzi, umewabagua watu wa Bondeni?"

"Mimi? Astaghfirullahi! Sheria yangu haitaji Bondeni. Inataja herufi tu. Hata mwanangu akikosea, nje!"

Sikujua akadakia. "Amewahi kukosea?"

"Mwanangu? Mwanangu amesoma!"

"Na sisi wa Bondeni, tumebaki wangapi humo?"

"Sijahesabu."

"Usijichoshe, bwana. Hakuna hata mmoja."

Watu wakaangua kicheko. Feruzi akavimba. "Kibarazani ni nyumba yangu! Mwenye nyumba huchagua mgeni!"

"Basi yanayosemwa humo ni yako?"

"Kila neno nalisoma mwenyewe! Chafu nalitupa, safi naliacha."

"Hata haya ya jana?"

Sikujua alikuwa ameazima simu ya jirani. Akampa hakimu. Hakimu akasoma kwa sauti: "Watu wa Bondeni ni kunguni. Warudishwe mtoni wakazame."

Kicheko kikakatika. Hakimu akamtazama tajiri. "Haya uliyasoma?"

Feruzi akapiga hesabu. Akisema hakuyasoma, amejiita mwongo. Akisema aliyasoma, balaa.

"Niliyasoma, mheshimiwa."

"Ukayaacha?"

"Mheshimiwa, mimi huangalia lugha. Hayo... herufi zake zilikuwa sawasawa."

Sikujua akakaza kanga kiunoni. Moyo ulikuwa ukimwuma, lakini ulimi haukutetereka. "Sasa nimelijua kosa langu, mheshimiwa. Niliwaalika watu kula. Ningewatakia wazame, tena kwa helufi zilizonyooka, bwana huyu angeninunulia unga."

Hakimu hakuhitaji kusikia zaidi. "Sheria inayomfukuza muuza mikate na kumhifadhi mwenye kuwaombea watu kifo, hiyo ni ubaguzi uliovaa kanzu. Bwana Feruzi, watu wa Bondeni utawarudisha wote leo hii. Matusi yale utayafuta. Kisha utawaomba radhi hadharani, hapo hapo Kibarazani, kwa mkono wako."

Feruzi akatoa simu, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni. Vidole vikagoma. Maisha yake yote hakuwahi kumwomba mtu radhi, sembuse mtu wa Bondeni.

"Mheshimiwa," akanung'unika, "mimi hata sijui niandike nini."

Hakimu akafungua kinywa. Sikujua akamtangulia.

"Andika 'samahani', bwana. Halina l wala l."