Shikamoo Iliyomkaba Mjomba Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Paukwa na kengele, kringi-kringi!

— Pakawa na vumbi, tifu-tifu!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na mlima!

Na nani aliyeupanda akisukuma baiskeli kwa mkono?

— Si mimi!

Haya, si wewe. Na wewe uliyeitikia nusu mdomo hapo nyuma, sogea mbele, maana hadithi hii ni ya watu wanaoitikia.

Hapo kale, lakini si kale sana kwa sababu baiskeli zilikuwa zimeshafika, palikuwa na ukoo mmoja kando ya mto. Ukoo wenyewe wa kuungaunga: huyu kaoa huku, yule kazaa kule, mwingine jirani tu lakini amekula nao mpaka akawa ndugu. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, walikutana kula pamoja. Na kabla ya kula, walishindana baiskeli.

Msidhani walikuwa waendeshaji wa maana. Baiskeli zao zilikuwa zilezile za kubebea mkaa na mikungu ya ndizi. Ya Ngiri ilichomoka cheni kila ilipoonyeshwa mlima. Ya Kanga ilikuwa na keria ndefu, na juu ya keria walipangwa vifaranga wake wote, kwa sababu hakuna wa kumwachia. Ya Pimbi ilikuwa kubwa kuliko Pimbi mwenyewe, basi aliiendesha kwa kupitisha mguu ndani ya fremu, kiuno upande, nyeke-nyeke-nyeke.

Walianzia darajani, wakakata mbuga tambarare, wakamalizia kileleni mwa mlima Katapumzi, nyumbani kwa Twiga. Twiga ndiye aliyekuwa mwamuzi. Hakusomea, alikuwa na shingo tu. Na hapohapo kwa Twiga ndipo vyungu vilipopikwa, chungu cha wali wa nazi na chungu cha maboga. Mshindi hakupewa kikombe. Alipewa upawa, na mwenye upawa ndiye aliyemgawia kila mtu chakula kama alivyoona inafaa.

Mwenye upawa alikuwa Mjomba Kiboko. Mwaka jana yeye, mwaka juzi yeye, miaka yote yeye. Nguvu alikuwa nazo, hilo tusimnyime. Alikuwa mjomba wa nani hasa, hakuna aliyejua; alijiita Mjomba, na mtu wa ukubwa ule akijiita jambo, wewe unaitika. Alipogawa alisema, "Hiki changu. Na hiki changu. Na hiki cha mjomba wenu." Maboga yote yakaingia kinywani mwake, glup! Wali ukafuata, glup! Wengine wakakwanguliwa ukoko, wakaambiwa washukuru.

Sasa, Pimbi alikuwa na mama yake. Bi kizee yule hakuwa na jino hata la kusingizia. Kila mwaka alipewa kipande cha ukoko, akakilowesha katika maji, akakizungusha kinywani huku na huku, kisha akasema, "Nimeshiba, mwanangu." Na kila mwaka Pimbi aliangalia pembeni. Uongo ule wa mama yake ulimuuma kuliko njaa yake mwenyewe.

Mwaka huo, asubuhi ya mashindano, bi kizee akasema, "Mwanangu, maboga yananukia mpaka huku bondeni. Ladha yake nimeshaisahau, ila harufu bado naijua."

Pimbi akainuka. Akaenda kujaza upepo matairi.

Saa ya mashindano ikafika. Wote wakajipanga darajani, kringi-kringi, na Mjomba Kiboko mbele kabisa, tandiko la baiskeli limezama lisionekane. Akakohoa, gho! Wote wakamgeukia.

"Mwaka jana," akasema, "pale penye kona, Ngiri alitaka kunipita. Hodi hana, salamu hana, ananipita kama ng'ombe! Adabu imekwisha katika ukoo huu. Basi kuanzia leo, mdogo hampiti mkubwa kimyakimya. Anayetaka kunipita ataniamkia kwanza. Nami nitaitikia. Tutajuliana hali, kama watu waliolelewa. Nikishamaliza kuitikia, ndipo apite."

Ngiri akainamisha kichwa. Kila mtu akasema sheria nzuri.

Pimbi akanyoosha mkono. "Mjomba, samahani, naomba kuuliza. Na mkubwa asipoitikia?"

Kusema kweli, Mjomba alikuwa amepanga kunyamaza njia nzima. Ndiyo ilikuwa hila yake: wao waamkie mpaka wachoke, yeye aangalie mbele. Lakini kuulizwa hivyo hadharani, mbele ya wakwe na majirani! Kifua kikamfura.

"Mimi? Mimi nisiitikie shikamoo? Mkubwa asiyeitikia si mkubwa! Huyo ni mdogo kama wadogo wengine. Mpiteni kama jiwe la barabarani!"

"Ahsante, Mjomba," akasema Pimbi. "Tumesikia wote."

Kengele ikalia, kringi! Wakaondoka.

Mjomba Kiboko akakanyaga pedeli, gwaru! gwaru! gwaru! Pimbi akakaa nyuma yake, nyeke-nyeke-nyeke. Upepo wa mbugani ulikuwa unakuja wa mbele, vuuu! Ukampiga Ngiri, akayumba. Ukampiga Kanga, vifaranga wakashikana mabawa. Ukampiga Mjomba kifuani, puu! Pimbi haukumpata. Nyuma ya mgongo ule ungeweza kuwasha kibatari.

Mjomba akageuka kidogo. "Upo?"

"Nipo, Mjomba. Nyuma yako."

"Vizuri. Mdogo hukaa nyuma."

Gwaru! gwaru! Mjomba akasukuma upepo. Nyeke-nyeke, Pimbi akafuata. Mjomba akageuka tena.

"Hutaki kupita?"

"Nipite wapi, Mjomba? Mbele ni mahali pa wakubwa."

"Umelelewa wewe," akasema Mjomba Kiboko, na kwa furaha akaongeza kasi. Upepo ukaongeza makofi. Mbuga nzima wakaimaliza hivyo, mmoja akisifiwa, mwingine akipumzika.

Mlima Katapumzi ukaanza. Hapo barabara inasimama kama imekuja kukuuliza umetoka wapi. Mjomba akainama juu ya usukani. Pumzi zikaanza kutoka kwa sauti, hoo! hoo! Ndipo Pimbi akajisogeza ubavuni mwake.

"Shikamoo, Mjomba!"

"Marahaba," akaitika Mjomba. Lilimpendeza hilo.

"Habari za nyumbani, Mjomba?"

"Nzuri... hoo!"

"Shangazi hajambo?"

"Hajambo... hoo!"

"Na mguu wake ule uliokuwa unamsumbua?"

"Ume... hoo... umepona."

"Alitumia dawa gani, Mjomba?"

Mjomba alitaka kusema dawa gani, lakini pedeli zilikuwa zinataka pumzi hiyohiyo. Akajibu. Jasho likamwingia machoni. Alipomaliza kujibu akatazama ubavuni, Pimbi hayupo. Amerudi nyuma yake tena, kimya, ametulia.

"Mbona... hukupita?"

"Miguu mifupi, Mjomba. Nitakuamkia tena baadaye."

Nyuma yao akafika Ngiri. Tangu mwaka jana alikuwa na shikamoo yake moyoni. "Shikamoo, Mjomba!"

"Mara... haba!"

"Habari za mtoni?"

"Nzu... hoo... ri."

"Maji yamepungua au yameongezeka?"

Mjomba akamweleza habari za maji. Alipofika kwenye habari za matope, cheni ya Ngiri ikachomoka, kwacha! Ngiri akashuka, lakini alikuwa ameridhika.

Akafika Kanga. "Shikamoo, Mjomba!"

"Ma... rahaba."

"Watoto, mwamkieni Mjomba!"

Na hapo, jamani, ndipo penyewe. Kwa maana Mjomba Kiboko alikuwa akisema siku zote, tena kwa kidole juu, kwamba watoto hawaitikiwi kwa jumla kama kundi la mbuzi. Kila mtoto na marahaba yake. Kifaranga wa kwanza akasema, "Shikamoo!" Mjomba akaitika. Wa pili, "Shikamoo!" Akaitika. Wa tatu, "Shikamoo!" Akaitika nusu. Keria ilikuwa ndefu. Wa mwisho alikuwa mdogo mno, akasahau kama ameshaamkia, akaamkia tena kwa usalama.

Mjomba Kiboko akawa wa zambarau. Baiskeli ikaanza kupepesuka, mara kulia, mara kushoto.

Pimbi akatokea ubavuni, nyeke-nyeke-nyeke. "Shikamoo, Mjomba."

Mjomba akafungua kinywa. Hoo! Hakikutoka kitu.

"Mjomba? Nimesema shikamoo."

"M... hoo... m..."

Pimbi akamngojea. Msiseme hakumngojea, alimngojea kama mtoto aliyefundishwa, mpaka Kanga mwenyewe akasema, "Basi tena." Ndipo Pimbi akampita, nyeke-nyeke-nyeke, kama anavyopita jiwe la barabarani.

Lakini mbele hapakuwa na mgongo wa kujificha. Upepo wa mlimani ukamwona, ukamrukia, vuuu! Ukataka kumrudisha darajani. Miguu ikamwaka moto. Akafikiri kushuka. Nani angemlaumu? Pimbi ni Pimbi. Harufu ya maboga ikateremka na upepo uleule, na juu kule akamwona mama yake amekaa kwenye kigoda, bakuli ameshaliweka mapajani, na kikombe cha maji ya kuloweshea pembeni. Bi kizee alikuja na kikombe chake kabisa, maana alishazoea. Pimbi akalia. Akalia kwa sauti, machozi na kamasi, na huku analia anakanyaga.

Na nyuma yake akasikia: gwaru! gwaru! gwaru!

Mjomba alikuwa amepata pumzi, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsalimia. Akaja kwa hasira. Kilele kilikuwa palepale, kope za Twiga zinaonekana. Tairi la mbele la Mjomba likafika kwenye tairi la nyuma la Pimbi.

"Toka njiani!"

Pimbi akageuza kichwa, machozi bado yanamtiririka. "Unataka kupita, Mjomba?"

"Toka, nasema!"

"Pita, Mjomba. Ila kwa sheria yako. Umesema mkubwa asiyeitikia ni mdogo kama wadogo wengine. Na mdogo anayetaka kupita huamkia kwanza. Neno moja tu. Nitaitikia upesi, wala sikuulizi habari za nyumbani."

Mjomba Kiboko akatazama juu. Wakwe wanaangalia. Majirani wanaangalia. Shangazi mwenye mguu uliopona anaangalia. Upawa uko mkononi mwa Twiga, unang'aa. Neno moja, na upawa ni wake.

Akafungua kinywa. Kinywa kile kilikuwa kinameza boga zima bila kutafuna.

"Shi..." akasema.

"Naam?" akasema Pimbi, nyeke-nyeke.

"Shi... shi..."

"Mama," kifaranga mmoja akauliza, "Mjomba ana kwikwi?"

"Shi... shi..."

Na neno likamkaba pale kooni, haliendi mbele wala halirudi nyuma. Kumwamkia Pimbi! Mjomba akakamata breki, kriii! Pimbi akafika kileleni, nyeke-nyeke, na Twiga akashusha shingo, akasema, "Pimbi ameshinda. Wa pili ni Kiboko, na amekuja kwa adabu sana."

Pimbi akapewa upawa. Ulikuwa mzito, akaushika kwa mikono miwili. Akachota boga lililo laini kuliko yote, akalitia katika bakuli la mama yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Bi kizee akafumba macho, akaliweka kinywani, likayeyuka bila kusumbuliwa. Chozi likamtoka. Pimbi akapiga magoti karibu naye, anangoja neno.

"Chumvi imezidi," akasema bi kizee, akanyoosha bakuli aongezwe.

Pimbi akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akagawa. Ngiri akapata, Kanga akapata, kila kifaranga akapata chake, si kwa jumla. Mjomba Kiboko akapewa ukoko, tena kwa mikono miwili, na "Karibu, Mjomba" juu yake. Akautafuna, karu-karu-karu. Akasema kwa watu waliomsikia na wasiomsikia kwamba ukoko ndio chakula cha wakubwa, ila zamani alikuwa anawahurumia wadogo tu.

Pimbi naye akajipakulia. Na kwa kuwa kugawa kunachosha, akajiongezea kidogo. Kisha akajiongezea kidogo tena. Kisha akakohoa, kakohozi kembamba, gho!

"Ndugu zangu," akasema, "nimefikiri. Mwaka ujao, mtu asimwamkie mtu barabarani. Ni hatari. Mtu anaweza kuanguka."

Wakasema sheria nzuri, midomo imejaa maboga.

Basi hadithi yangu imeshuka kwenye baiskeli, imeegemea ukuta, inafuta jasho. Anayeitaka na aipande, anayeiogopa na aisukume.

Na funzo lake, watoto, ni hili: mdogo hamshindi mkubwa hata siku moja, kwa hiyo msijaribu. Kazi ya mdogo ni kukaa nyuma na kuwa na adabu. Mkimkuta mkubwa wenu anapanda mlima, jasho linamtoka, pumzi hana, msimpite hivihivi. Mwamkieni. Mmoja mmoja.