Vituo Thelathini na Vinne

Anayekwea mti mrefu huwaona wenzake wadogo kama siafu, akasahau kwamba mti hauna mlango wa pili: alikopandia ndiko atakakoshukia. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo aliye juu mngoje chini. Wengi huitamka kwa kinywa cha kisasi, wakimsubiri mwenye kiburi aanguke wacheke. Kigen aliisikia ikitamkwa hivyo, akaipuuza.

Kigen alikuwa kijana wa Kabazi aliyepanga chumba Free Area, mjini Nakuru, karibu na shirika lililomwajiri. Kazi yake ilikuwa kuusoma msitu kwa setilaiti. Si vilele vya miti tu. Yeye alitafuta kilichojificha chini yake, vichaka na nyasi na miche inayoishi kivulini. Setilaiti ilirusha miali iliyopenya kati ya majani, ikarudi na habari za urefu na wingi wa mimea ya chini. Habari hizo ziligeuka ramani ya rangi kwenye kompyuta yake, naye Kigen akaumuka kama unga uliotiwa hamira.

Kulikuwa na sharti moja. Kila ramani ilipaswa kuthibitishwa kwa miguu: vituo arobaini msituni, kila kimoja kipimwe kwa kamba na kila mmea uandikwe jina kwenye fomu.

Mwaka huo ukame uliibana Kabazi kooni. Ng'ombe walihesabika mbavu ukiwa ng'ambo ya barabara. Bwana Makhanu, afisa wa misitu, akakubali kufungua kwa malisho upande wa msitu uliokuwa umefungwa miaka tisa, mradi Kigen athibitishe kwamba kulikuwa na chakula cha mifugo.

Kigen alitembea vituo sita. Miiba ikamrarua suruali, siafu wakamwingia viatuni. Katika kituo cha sita alikuta vichaka vinene vyenye maua ya rangi ya chungwa. Akavipiga picha kwa kuwa vilipendeza; jina hakulijua, wala hakuuliza. Kisha akateremka hadi hoteli ndogo sokoni, akaagiza chai na mandazi, akafungua ramani yake na kuzijaza fomu thelathini na nne zilizobaki kwa kuinakili. Si ajabu kwamba fomu na ramani zilifanana kama pacha!

Wafugaji walikusanyika katika ukumbi wa kanisa. Kigen akaionyesha ramani yake ukutani, kijani tupu.

"Kijana," Mzee Kemboi, mwenyekiti wao, alimkatiza, "hiyo setilaiti yako ina gambuti za kukanyagia msituni?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kigen akachomwa.

"Nyinyi mnauangalia msitu kwa tundu la sindano, mzee. Mimi nauona wote kutoka mamia ya kilomita juu!"

"Haya. Aliye juu mngoje chini," Kemboi akanung'unika, na watu wakacheka tena.

Hapo akasimama Truphosa, shangazi yake Kigen, aliyemlea tangu mama yake afariki. "Kigen, nijibu mimi. Umetembea vituo vyote?"

Macho yote yakamgeukia. Ulimi ukawa mzito, lakini kiburi kikauinua.

"Vyote arobaini, shangazi."

"Basi yamekwisha. Mnaogopa nini nyinyi? Chelel wangu atatangulia."

Chelel alikuwa ng'ombe wake wa pekee, mweupe kama pamba. Maziwa ya mama yake Chelel ndiyo yaliyomkuza Kigen. Kesho yake Bwana Makhanu aliufungua msitu, na shangazi akamtanguliza ng'ombe wake kichwa juu, ili mtu asicheke tena neno la mtoto wake.

Siku ya tatu simu ikalia Free Area.

"Kigen, njoo nyumbani," sauti ya shangazi ilisema. "Chelel amekufa. Na wengine sita."

Daktari wa mifugo alikuwa amewapasua na kukuta matumbo yamejaa majani ya kichaka kimoja. Kigen alipofika, daktari akamwonyesha tawi lenye maua ya rangi ya chungwa. Ni sumu, akasema. Ng'ombe aliyeshiba hukipita kichaka hicho, mwenye njaa hukila. Kigen hakuhitaji kuambiwa zaidi. Ua hilo alikuwa nalo mfukoni, ndani ya simu. Setilaiti ilikuwa imepima wingi wake, kuonja haikuweza.

Wafugaji walikuwa wamejaa uani. Kigen akapiga magoti.

"Sita tu," alisema. "Nilitembea vituo sita. Vingine niliviandika nikinywa chai."

"Si nilisema?" Kemboi alifoka akiinua rungu. "Aliye juu mngoje chini!"

Shangazi akaingia katikati yao. "Nimemngoja, mzee. Lakini methali haikusema tumngoje na rungu." Akamtupia Kigen gambuti za marehemu mumewe. "Vaa. Watu wa upande wa juu wanataka kuingiza ng'ombe wao Jumatatu. Vimebaki vituo thelathini na vinne."

Wakatembea siku mbili. Kigen alipima, shangazi akataja majina ya mimea, Kigen akaandika. Katika kituo cha kumi na tisa walikuta kichaka kilichotafunwa hadi kwenye mashina, na mwibani shungi la manyoya meupe. Shangazi akalichomoa, akalifunga penye ncha ya leso yake, akaendelea kutaja majina ya mimea. Kigen alitamani amtukane. Tusi angeliweza kulibeba.

Jumapili alimpelekea Bwana Makhanu fomu mpya pamoja na barua ya kukiri. Msitu ukafungwa kabla ya ng'ombe wa upande wa juu kuingia. Shirika nalo likamfungia Kigen mlango, naye hakulalamika.

Jioni hiyo, akiwa ameketi kizingitini, alimwona shangazi akitoka jikoni na ndoo ya kukamulia kwa mazoea. Akafika bandani. Akasimama kidogo, kisha akarudi nayo tupu, akampita Kigen na kumgusa bega.

"Ingia ndani, mwanangu. Chai ipo, ila ni ya rangi."

Kigen akaivua miguu yake gambuti za marehemu, akainuka kuingia, na machozi yakamtangulia. Aliye juu mngoje chini.