Shubiri Nne za Fundi Ngailo

Kila shubiri ina mwenyewe. Mmeusikia usemi huu, wanangu, mkauliza ulikotoka. Basi chanzo chake ni hiki. Kwa miaka kumi na moja Fundi Ngailo wa Makambako hakulitambua jambo lililokuwa mkononi mwake mwenyewe, nasi tuliopita mlangoni pake kila siku hatukuliona pia.

Karakana yake iliunda mashine za kupukuchua mahindi, zile za kuzungushwa kwa mkono. Kila chuma alikipima kwa shubiri, kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. “Futi hupotea,” alizoea kusema, “kiganja nalala nacho.”

Mwaka mmoja ushirika wa wakulima ukaagiza mashine thelathini. Peke yake asingeziweza, akamwajiri Atuganile, binti hodari wa kuunga vyuma. Ngailo akakata shafti, vyuma vya kuzunguka ndani ya fremu, urefu shubiri nne. Atuganile akaunda fremu, upana shubiri nne. Ijumaa wakulima wangekuja kuzijaribu. Wasiporidhika wangenunua za mjini, na karakana ingefungwa.

Alhamisi asubuhi wakaanza kuziunganisha. Kila shafti ilichomoza nje ya fremu yake.

“Fundi, mashine zako zimeota mikia,” akasema Kibiki, mtunza stoo.

Ngailo hakucheka. “Atu, nilikwambia shubiri nne.”

“Ndizo nilizopima, mzee.”

“Hizi hazifiki.”

“Zinafika. Hebu tandaza mkono.”

Akautandaza mezani. Atuganile akaweka wake juu yake, dole gumba kwa dole gumba. Kidole chake cha mwisho hakikukifikia cha fundi.

Ngailo akaitazama mikono ile kitambo. “Kumbe nilikutuma upime kwa mkono usiokuwa nao.”

“Kila shubiri ina mwenyewe, mzee. Labda ungenikatia wako ukaniachia.”

Kibiki akacheka hadi akakalia ndoo, na safari hii fundi naye akacheka. “Afadhali chuma kirefu, hukatwa. Kingekuwa kifupi tungelia. Leteni msumeno.”

Ijumaa adhuhuri mashine zote thelathini zilizunguka mbele ya wakulima, nao wakazichukua.

Tangu hapo, anayewapima wenzake kwa uwezo wake huambiwa: kila shubiri ina mwenyewe. Na pale karakanani hakuna apimaye kwa kiganja. Wote hutumia pau moja ya chuma iliyotiwa alama, na shafti ya mashine yoyote huingia katika nyingine.